Ngozi Hufuata Ilivyolazwa

Wiki mbili baada ya mimi kustaafu na kukabidhi funguo za kabati la wodi, mkuu wa wodi alinipigia simu. Anataka niwaandikie ninyi mlioanza kazi mwaka huu yale ninayoyajua kuhusu ngozi. "Mama, vitabu vimejaa magonjwa ya ngozi," alisema. "Hakuna kinachotuambia ngozi yenyewe inavyovutika, inavyokaza, inavyochanika." Nikamjibu kwamba mimi si mwandishi. Akasema hata hao vijana si wasomaji, kwa hiyo tutaelewana. Basi nimekaa barazani na daftari la mjukuu wangu, nusu limeshajaa hesabu zake, na nusu iliyobaki ndiyo yenu.

Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa sitavigusa, waliovigawa wanajijua. Nitaanza siku ya kwanza.

Baba yangu alitoka Singida kuja kufanya kazi kiwandani, nami nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi hapa Morogoro. Nilipomaliza uuguzi nilipangiwa wodi ya majeruhi na walioungua. Niliingia na viatu vyeupe ambavyo mama alivipaka chokaa hadi vikaacha alama kila nilipokanyaga. Aliyenipokea hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa Mzee Mhando wa chumba cha plasta, panapofungwa mifupa iliyovunjika, mtu wa Korogwe, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya kuajiriwa hospitali alikuwa fundi cherehani, na mpaka anastaafu aliwatazama wagonjwa kama mtu anayekadiria kitambaa.

"Nipe mkono," aliniambia. Nikadhani anataka kunisalimia. Akanifinya ngozi ya nyuma ya kiganja, akaiachia, ikarudi. "Ya mzee hairudi upesi hivi. Ya mtoto anayeharisha hairudi kabisa, na ukiiona hiyo usisimame kuandika, kimbia ulete maji." Kisha akanishika mkono kwa vidole vya mikono yake miwili, akavuta ngozi taratibu huku na huku. "Umeona? Mwanzo inakubali kila kitu, kama mchumba. Inafika mahali inasema basi. Hapo ukivuta zaidi unaichana."

Nikasema nimeona.

"Hujaona. Sasa naivuta kidogo tu, halafu naishika. Nyamaza." Tulikaa hivyo, yeye ameshika, mimi nimenyamaza, wagonjwa wakitutazama. Baada ya muda nikahisi mvuto umepungua ilhali vidole vyake havijasogea. "Hiyo ndiyo kazi yetu yote," akasema. "Ngozi haishindwi kwa nguvu, inashindwa kwa kushikwa. Ukiishika vizuri inakwenda pazuri. Ukiiacha pabaya, inakaa pabaya."

Mchana wake akachukua khanga ya mgonjwa mmoja, bila kuomba, akanionyesha. Ukiivuta kufuata nyuzi haitoi kitu, ukiivuta mshazari inanyooka. Mwili nao una njia zake, alisema, na kila sehemu ina njia yake. Jeraha la panga lililofuata njia ya ngozi hufumba karibu lenyewe. Lililokata kukatiza njia hiyo huachama, na mshono wake utakusumbua na kovu lake litakuwa pana. Kwa hiyo mnapopokea jeraha, kabla ya kukimbilia sindano, tazameni limeachama kiasi gani na kuelekea wapi. Fundi anayeanza kushona kabla ya kukitazama kitambaa huishia kushona mara mbili.

Miaka yangu mitatu ya kwanza ilikwenda kwa kujifunza tofauti. Kope ni nyembamba hata unaogopa kuigusa. Unyayo ni kitu kingine. Tulimpokea mzee mmoja wa Mkuyuni aliyebeba mananasi pekupeku maisha yake yote, akachanwa unyayo na jembe, tukapinda sindano mbili kabla ya kutoboa. Alicheka kuliko sisi. "Mngeniambia nije na msumari," alisema. Nilijifunza pia kutengeneza vifaa, kwa maana vifaa vya kununua tuliviona kwenye picha tu. Bomba la plastiki la maji, likipasuliwa kwa urefu na kulowekwa kwenye maji ya moto, hulainika na kukubali umbo la mkono au shingo, na likipoa linabaki hivyo. Kwa ndani unalivika pamba na kitambaa. Vya Mzee Mhando vilishonwa pindo, eti kifaa kisicho na pindo ni aibu.

Juu ya yote hayo kulikuwa na sheria moja ya walioungua, nanyi mtaisikia hadi mchoke. Aliyeungua hujikunja pale panapouma. Kiwiko hukunjwa, kwapa hubanwa, shingo huinamishwa, maana hapo anapata nafuu. Na kovu linapokomaa hujivuta na kukaza palepale lilipolazwa. Mkao wa nafuu leo ndio ulemavu wa kesho. Kwa hiyo aliyeungua shingo halali na mto. Unakunja shuka unaliweka chini ya mabega, kichwa kinarudi nyuma, kidevu kinatazama dari. Anaumia, analia, na unamwacha hivyo kwa sababu unampenda.

Sasa nafika kwa Zena. Wengi wenu mmekisikia kisa chake kwangu, darasani, miaka yote niliyowafundisha wauguzi wapya wa wodi. Nilikisimulia vibaya. Ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne. Mzee Mhando alikwenda likizo Korogwe kuezeka nyumba yake, akaniachia kazi yake ya wodini. "Usiwaonee huruma wakati nisipokuwepo," ndilo agizo lake la pekee. Siku ya pili akaletwa Zena, msichana wa miaka kumi na minne, kutoka kijiji kilicho juu ya Matombo. Alikuwa akipika, khanga ikashika moto kwenye mafiga. Alikuwa ameungua kuanzia chini ya kidevu hadi kifuani. Alikuja na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanaidi, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Walishuka mlimani kwenye pikapu ya ndizi, bibi akimpepea njia nzima kwa jani la mgomba.

Nilimlaza kama nilivyofundishwa. Zena alilia. Bibi alinitazama kama unavyomtazama mtu anayemnyima mwenzake maji. Kwetu, na ninyi mnajua, mgonjwa asiye na mto ni mgonjwa aliyetelekezwa. Mto ndio kitu cha kwanza ndugu wanachokibeba, hata kabla ya sufuria. Wanawake wa vitanda vya jirani walianza kusema kwa sauti ya kunifikia: "Hawa wauguzi wa siku hizi hawana moyo." Bibi alipanda mlimani, akarudi keshokutwa yake na mto wa sufi, mpya, foronya ameidarizi mwenyewe maneno *Lala Salama*.

"Sista," aliniambia, "mimi sijasoma. Lakini mtoto analala kama kuku aliyechinjwa. Niruhusu."

Nilijua. Hilo ndilo neno ambalo sikuliandika popote wala kulisema darasani. Yeye hakujua, mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka, mtoto alikuwa analia, wodi nzima ilikuwa inanitazama, na mimi nilitaka kupendwa. Nikasema, "Haya bibi, kwa leo tu." Tena yeye hata hakuthubutu kumgusa mjukuu wake. Aliniletea mto mikononi. Mimi ndiye niliyeinua kichwa cha Zena, nikauweka. Mtoto akanyamaza papo hapo. Wanawake wakasema, "Huyu sasa ana moyo." Leo tu ikawa kesho, ikawa wiki, ikawa mwezi. Kila asubuhi nikisafisha kidonda nilikiona kidevu kinashuka, na kila asubuhi nilijiambia kwamba bado kuna nafasi.

Mzee Mhando aliporudi alipita kitanda hadi kitanda. Kwa Zena alisimama, akajaribu kupitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Havikupita.

"Nani ameweka mto huu?"

Bibi alikuwa mlangoni na chupa ya uji. Mimi nilikuwa kando ya kitanda. Nikasema, "Ni bibi yake aliyeuleta."

Angalieni jibu hilo. Kila neno lake ni kweli, na lote ni uongo.

Mzee Mhando alimgeukia. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Bibi, umemfunga mjukuu wako shingo."

Bibi aliweka chupa chini. Alikuja akautoa mto kwa mikono yake yote miwili, polepole, akatoka nao. Dirishani nilimwona akienda nyuma kwenye shimo la kuchomea taka. Aliutupa humo, akasimama mpaka ulipokwisha kuungua. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kutoka na kumwambia. Nilibaki ndani nikikunja bandeji ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kovu la Zena lilikaza mpaka mdomo wa chini ukavutwa na mate yakawa yanamtoka. Ilibidi afanyiwe upasuaji wa kulikata kovu liachie na kupandikiza ngozi ya pajani. Baba yake alikuja kutoka Kilosa akiwa tayari kutia saini, daktari akafurahi, kumbe hakujua mila za Waluguru, watu wa milima ile. Familia ikakaa kimya siku tatu kumsubiri mjomba, kwa maana mtoto ni wa upande wa mama, na upande wa mama mwenye neno ni mjomba. Mjomba alifika, akauliza swali moja: "Safari hii nani atamwangalia asifungwe tena?" Watu wote wakamtazama bibi. Bibi akainamisha kichwa. Mimi nikasema, "Mimi." Wakaniona shujaa.

Nisiseme uongo mwingine, kazi ile niliifanya. Ngozi ya kupandikizwa nayo hujikunyata usipoishikilia, kwa hiyo nilimtengenezea Zena kola ya bomba, kisha nyingine ndefu zaidi kila shingo ilipozidi kunyooka. Kila siku tulimlaza kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, tukipaka mafuta ya nazi, tukishika. Nilimfundisha bibi. Mwanzoni hakutaka kumgusa, nami nilijua kwa nini. Hakuwa na saa, basi tukapatana kwamba atashika kidevu muda wa kusoma Alhamdu mara saba bila haraka, apumzike, arudie. Asivute, ashike tu. Katika wote niliowafundisha, wenye vyeti na wasio navyo, sijapata mwanafunzi aliyeshika vizuri kama yeye.

Ilichukua karibu miaka miwili. Siku moja Zena aliingia wodini na chane ya ndizi kichwani, shingo imesimama, mkono hashiki. Kule kwao kila kitu hupanda na kushuka mlima kichwani, na mwanamke asiyeweza kubeba hana shamba. Wodi ilipiga vigelegele. Mzee Mhando alivua miwani akaifuta, akasingizia vumbi. Bibi Mwanaidi akanishika mkono. "Sista, Mungu akulipe. Mimi nilimharibu, wewe umemtengeneza."

Nikasema, "Tumshukuru Mungu, bibi."

Mzee Mhando alipostaafu tulimfanyia chai na maandazi. Wakati wa kuagana aliniambia, kana kwamba tunaendelea na mazungumzo ya jana, "Siku ile niliuliza nani ameweka. Niliambiwa nani ameleta." Akachukua kofia yake akaenda. Alifariki Korogwe miaka michache baadaye, na kwake nafasi ya kusema kweli nimeikosa kabisa.

Nami niliendelea. Niliwafundisha wengi, na kila mwaka nilisimulia kisa cha ndugu wa mgonjwa walioleta mto. Kilikuwa kisa kizuri, kiliwaingia. Mliondoka mkijua kwamba wa kuchunga ni ndugu. Wa kuchunga ni wewe, saa umechoka na unataka kupendwa.

Mwezi uliopita Zena alinipigia simu. Sasa ni mama wa watoto wanne. "Shikamoo sista. Bibi anaumwa." Miguu imevimba, pumzi inakatika, zahanati wamesema moyo umechoka, wampe dawa na alale ameinuliwa kichwa na mgongo. "Dawa anakunywa. Mto hataki. Anasema mto umeshaharibu mtu kwenye nyumba hii. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, sasa hana nguvu, anateleza mpaka mgongo umechubuka. Akishafika chini hapumui. Labda wewe atakusikia."

Nilipanda gari asubuhi, Matombo nikachukua bodaboda hadi barabara ilipokataa, iliyobaki nikapanda kwa miguu, nikisimama kila baada ya migomba michache kwa magoti yangu haya. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kutunga maneno. Sikutunga hata moja.

Bibi Mwanaidi alikuwa mkekani, amelala chali, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akivuta pumzi kwa mabega. Zena alikaa kando na mtoto wake wa mwisho mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniambia mambo ya mto."

"Nimekuja kukuambia mambo ya mto ule."

Akanitazama. Nikakaa chini kabisa, nikasema kabla sijaogopa tena. "Bibi, wewe uliuleta, lakini hukujua. Mimi nilikuwa najua utamfunga shingo. Nilifundishwa. Na niliyeuweka ni mimi, kwa mikono hii. Ukauliza, nikakuruhusu, halafu nilipoulizwa nikakutaja wewe."

Zena aliacha kumbembeleza mtoto. Mkoromo wa maji ulisikika kifuani mwa bibi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Yule mzee aliponiambia nimemfunga mjukuu wangu, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru, bibi."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni kwa vile alivyolala. "Zena ana watoto wanne," alisema. "Sijamlaza hata mmoja. Nikiambiwa bibi, mlaze mtoto, nasema nina kuni za kukata. Watu wakaniona nina roho mbaya. Mikono yangu hii niliiogopa. Miaka yote hii, mwanangu, ungenitumia hata salamu."

Nililia, nikiwa mtu mzima, mbele ya mgonjwa, jambo nililowakataza ninyi.

"Haya," akasema hatimaye. "Niinueni. Nachoka."

Ngozi ya mzee ni nyembamba na haijashikana sana na kilicho chini yake. Ukimvuta kwa makwapa, mifupa inapanda, ngozi inabaki mkekani, na ndipo inapochubuka. Nilimwonyesha Zena. Tuliingiza viganja bapa chini ya mabega na nyonga, tukamnyanyua juu kwanza, ndipo tukamsogeza. Alikuwa mwepesi. Tulipofika hapo tukatazamana, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mto hata mmoja. Zena akataka kukimbilia kwa jirani. Nikamwambia asubiri, nikapita nyuma ya bibi, nikaegemea ukuta, nikamvuta polepole kifuani kwangu.

Akaniegemea. Mwanzo kwa kujikaza, kisha uzito wake wote. Nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka, haraka, kisha taratibu, mpaka ule mkoromo ukapungua. Sikusikia neno la msamaha na sikuliomba. Mguu wangu wa kushoto ulianza kufa ganzi, nikauacha ufe.

"Zena," bibi akasema, sauti sasa inatoka nzima. "Huyo mtoto mgongoni amesinzia. Mteremshe."

Zena alimfungua mtoto kutoka kwenye khanga, akasita. Bibi alinyoosha mikono yote miwili. Akampokea, akamlaza mapajani pake, akaweka kiganja chini ya kisogo chake.